Mto Uliosimama Kwenye Skrini

Kipimo cha darajani hakikufa. Hilo Afande alikuwa nalo tayari alipopanda ngazi za ofisi ya tahadhari ya mafuriko asubuhi ile, na lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jana yake fundi alikuwa ameshuka kwa kamba kwenye nguzo ya daraja, akakifungua kile kifaa kinachopima kina cha mto, akatoa kumbukumbu yake na kuisoma mbele ya Afande. Jioni ya mafuriko kifaa kilikuwa kizima kabisa. Mto ulipopita mita tisa, kilisema. Ulipopita kumi, kilisema. Ulipofika kumi na nusu, kiwango ambacho ving'ora vya mtaa wa bondeni vinatakiwa kulia, kilisema vilevile, na kikaendelea kusema mpaka maji yalipopanda juu ya tuta na kuingia majumbani mwa watu. Ila huku ofisini, ndani ya hifadhidata ambamo vipimo vyote hutunzwa, saa zile zilikuwa tupu. Mito mingine ipo, huu haupo. Kana kwamba mto ulikuwa umekwenda likizo.

Ving'ora havikulia. Watu wa bondeni walikufa, na miongoni mwao alikuwemo mwanamke aliyempigia simu kaka yake kumuuliza kama wahame. Kaka akamjibu kaeni ndani, mto umetulia. Kaka huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu jioni ile.

Afande ndiye aliyemkamata. Kesi ilionekana rahisi. Kipimo kilikufa, wakasema wote, na kipimo kikinyamaza mkuu wa zamu hutakiwa kutuma mtu darajani. Hakutuma. Kwa hiyo alilala. Mzee wa Zamu, kama alivyoitwa na kila mtu pale, aliapa kwamba hakufumba jicho: alikuwa ametazama skrini muda wote, saa ilikuwa inasogea na namba imekaa palepale, mita tisa na kitu. Afande akampigia meza. Namba gani, wakati hifadhidata haina kitu? Mtu anatazamaje kitu ambacho hakipo? Na Mzee alipoomba atolewe mahabusu aende kumzika dada yake, ombi lilipita mikononi mwa Afande, na Afande akalikataa. Hakuwa na huruma ya kumgawia mtu anayemdanganya usoni.

Sasa mzee alikuwa nje kwa dhamana, dada alikuwa ameshazikwa, na kipimo hakikufa.

Meneja wa ofisi alimpokea mlangoni. Alikuwa mtu wa suti iliyonyooka, mwenye tabia ya kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

"Afande, karibu. Nilidhani lile faili limeshafungwa."

"Limesinzia tu. Nataka kuona namba inavyosafiri kutoka darajani mpaka kwenye skrini ya Mzee wa Zamu. Hatua kwa hatua."

"Ah, hiyo ni lugha ya Mabomba. Mimi hata simu yangu mwenyewe inanishinda."

Mabomba alikuwa mhandisi wa data wa ofisi ile, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Jina lilimganda tangu wiki yake ya kwanza kazini, alipoulizwa anafanya nini akajibu kwamba anatengeneza mabomba ya data, na mtu wa stoo akamwita mbio aje kuziba la chooni. Alikuja, akaliziba. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Sogea." Afande alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. "Nieleze kama unamweleza mjomba wako aliyetoka kuamka."

Binti alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea haraka, kama la mtu aliyekumbuka kwamba ana msiba.

"Kifaa cha darajani kinatuma namba," alisema. "Hapa kuna programu tunayoiita kazi. Inaamka kila baada ya dakika chache, inachukua namba zilizofika kutoka mito yote, inazisafisha, inazipeleka kwenye hifadhidata, inalala tena. Lakini kazi yenyewe haijui kuongea na hifadhidata. Hifadhidata inaelewa lugha yake tu, SQL. Kwa hiyo hapa katikati nimechomeka programu-jalizi, plagini tunavyosema. Plagini ndiyo inajua anwani ya hifadhidata, inajua jina la kuingilia na nywila, na inajua kuzipanga namba vile hifadhidata inavyotaka."

"Mkalimani."

"Mkalimani mwenye ufunguo wa mlango, Afande."

"Na skrini ya mzee?"

"Skrini inasoma kwenye hifadhidata. Inaonyesha namba ya mwisho iliyoingia kwa kila mto. Na pale juu inaonyesha saa ambayo kazi imemaliza mzunguko wake."

Afande alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kichwa kikasimama.

"Rudia hapo. Ile saa ya juu ni ya namba au ya kazi?"

"Ya kazi."

"Yaani kazi ikimaliza salama, saa inasogea. Hata kama namba ya mto mmoja haikuingia?"

"Inasogea, ndiyo."

"Basi mtu anaweza kukaa pale, macho makavu, akaona saa inasogea na mita tisa na kitu imekaa palepale. Akajua mto umetulia. Na wakati huohuo hifadhidata ikawa haina kitu cha saa hizo."

Mabomba alitazama kibodi. "Anaweza."

"Ulikuwepo nilipokuwa nauliza maswali hapa. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza mimi, Afande. Uliuliza kama mtu anaweza kulala zamu."

Ni kweli. Alikuwa ameuliza hivyo hivyo, na Meneja ndiye aliyejibu. Afande alivua kofia, akaiweka mezani.

Meneja alikohoa. "Afande, tusimwonee huruma mapema. Mzee yule ana miaka mingi hapa, anazijua njia zote. Je, kama vipimo viliingia vizuri, akavikuta vinamshitaki, akavifuta?"

Wazo halikuwa baya, na Afande hakuwa mtu wa kulitupa wazo kwa sababu tu hampendi aliyelitoa. "Mtu akifuta, tutajuaje?" alimuuliza binti.

"Kila mstari ukiingia unapewa namba yake na hifadhidata. Namba inayofuata, inayofuata. Ukiufuta mstari, namba yake inakufa nayo. Haitolewi tena."

"Nionyeshe."

Mistari ilijaa kwenye kioo. Mabomba aliishusha polepole mpaka jioni ile, na Afande akaweka ncha ya kalamu karibu na kioo, akazisoma namba kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu abiria. Mito mingine iliendelea kuingia. Wa darajani ulikoma, kisha baadaye sana ukarudi. Na namba za mistari zilifuatana bila kuruka hata moja.

"Hakuna kilichofutwa," alisema. "Havikuingia kabisa. Njiani umeme ulikuwepo, maana mito mingine iliingia. Mkalimani alikuwepo. Mlango ulikuwa wazi." Akarudisha kalamu mwanzo wa pengo. "Kipimo cha mwisho kabla ya kukoma ni ngapi?"

"Tisa nukta tisa nane."

"Na cha kwanza kiliporudi?"

"Tisa nukta tisa saba."

"Mto umepotea ulipokaribia kumi, ukaonekana tena uliposhuka chini ya kumi." Afande aligeuka, akamtazama binti. Vidole vya Mabomba vilikuwa vimeacha kibodi na kujificha mapajani. "Mwanangu, tutumie kipimo cha uongo. Kijifanye kimetoka darajani. Mita kumi na nusu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ving'ora si vimezimwa kwa matengenezo?"

Binti aliandika. Wakaisubiri kazi iamke. Ikaamka, ikafanya mzunguko wake, alama ya kijani ikawaka, na kwenye skrini ya ukutani, mbele ya kiti kitupu cha Mzee wa Zamu, namba ikageuka: 10.50.

Meneja alipiga makofi mara moja. "Unaona? Inaingia kama maji. Mashine yangu haina kosa."

Mtu mwingine angeinuka na kuaga. Afande aliketi palepale akikuna shingo. Katika kazi yake, kila alipokuta nyumba imevunjwa na kufuli ni zima, alikuwa na swali moja analolipenda, na alikuwa ameshawahi kuchekwa kwa ajili yake: kufuli hili limewekwa lini?

"Hifadhidata ina majedwali, siyo? Hili jedwali la vipimo, umbo lake limebadilishwa lini mara ya mwisho?"

"Halijaguswa tangu ofisi ifunguliwe," Meneja alisema.

"Sikukuuliza wewe, bosi. Safari hii namuuliza yeye."

Mabomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. Aliandika mstari mfupi, na hifadhidata ikajibu kwa tarehe.

Ilikuwa siku iliyofuata mafuriko.

Meneja alifungua mdomo, akaufunga.

"Kuna nakala ya jedwali kama lilivyokuwa kabla?" Afande aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, haina tena ukali wowote.

"Ipo hifadhidata ya mazoezi. Tunajaribia huko. Sijaigusa."

"Na plagini?"

"Nakala yake ipo huko pia. Na mipangilio yake ya zamani."

"Fanya tena. Huko."

Alifanya. Kwanza alituma mita tisa nukta tisa tisa, ikaingia. Kisha akatuma kumi kamili. Kazi iliamka, ikachukua namba, ikaifikisha kwa plagini, ikamaliza. Alama ya kijani ikawaka. Saa ikasogea. Na namba ikabaki 9.99.

Alituma kumi na nusu. Kijani. 9.99. Akatuma kumi na moja. Kijani. 9.99. Alikuwa anaendelea kutuma, machozi yanamshuka bila sauti, mpaka Afande akamshika kiganja na kukiondoa kwenye kibodi.

"Yatosha, mama. Nimeona."

"Safu ya kina cha mto kwenye jedwali iliundwa ipokee tarakimu tatu," Mabomba alisema, akiongea na meza. "Moja kabla ya nukta, mbili baada. Zamani king'ora kilikuwa kinalia mita tisa, na hakuna aliyewahi kuona mto ukifika kumi. Tuta lilipoinuliwa, wakapandisha kiwango kiwe kumi na nusu. Kila mtu akabadilisha cha kwake. Wa ving'ora alibadilisha, wa skrini alibadilisha. Safu hakuna aliyeikumbuka. King'ora kikawa kinasubiri namba ambayo isingeweza kuingia ndani hata ingefanyaje."

Meneja alipata pumzi. "Kwa hiyo ni hitilafu ya kiufundi! Afande, hakuna mtu hapa mwenye—"

"Nyamaza kidogo, bosi." Afande hakumtazama. "Mkalimani akimpelekea mwenye nyumba mzigo usiopita mlangoni, anafanyaje? Anautupa kimyakimya na kusema kazi imekwisha? Hivyo ndivyo alivyotengenezwa?"

"Hapana. Alivyotengenezwa, anasimama. Anasimamisha kazi nzima, skrini yote inakuwa nyekundu, kengele inalia hadi mtu aje."

"Jioni ile haikulia."

"Kuna sehemu ya kuchagua, kwenye mipangilio. Ruka mstari wenye hitilafu, endelea. Ilikuwa imechaguliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

Mabomba alimtazama Meneja, kisha mlango, kisha Afande. "Twende nje," alisema. "Tafadhali. Humu sitaweza."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na kiwanja cha saruji walikoegesha magari, na ukuta mfupi ambao wafanyakazi walizoea kuukalia wakati wa chai. Walikaa hapo. Jua lilikuwa kali na upepo haupo. Afande alimnunulia maji kwa mama aliyekuwa anauza getini, akamwacha anywe kwanza.

"Ni yeye aliyeniomba," Mabomba alisema mwishowe.

"Nani?"

"Baba." Hakuwa baba yake wa kumzaa. Alimwita hivyo Mzee wa Zamu kwa sababu ndiye aliyempokea pale akiwa bado mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, akampa kiti, akamtetea alipovunja kitu, akampeleka kwake akale na mkewe. "Kulikuwa na kipimo kimoja cha mto wa juu, nyasi zikikinasa kinaleta takataka badala ya namba. Kila kikileta takataka, plagini inasimama, kazi inasimama, mito yote inapotea kwenye skrini. Kwa ajili ya kimoja, anakuwa kipofu kwa vyote. Ananipigia simu, naacha nilichokuwa nafanya, narudi kuiwasha. Siku moja akaniambia, mwanangu, hebu nifanyie kitu, hicho kimoja kikiugua kisiniulie na wazima. Alikuwa na haki, Afande. Lilikuwa ombi la mtu anayejali kazi yake."

"Ukachagua kuruka."

"Nikachagua kuruka. Nikamwambia hii ni ya muda tu, nitarudi nitengeneze pembeni mahali pa kuiweka mistari inayokataliwa, na kengele yake ndogo, ili ajue kuna kitu kimerukwa. Ile kazi isingenichukua hata siku moja." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sikurudi. Kila siku kulikuwa na jingine la haraka zaidi. Na yeye hakunikumbusha, maana skrini ilikuwa haisumbui tena. Alikuwa ananisifia kwa watu."

Dereva mmoja alipita, akawasalimu, hakuitikiwa.

"Baada ya mafuriko uliijua?"

"Asubuhi yake tu. Niliangalia namba mara moja nikaelewa. Mawingu yalikuwa bado yapo, Afande, wangekufa wengine. Nikaipanua safu, nikaiondoa ile ya kuruka. Halafu nikakaa nikisubiri mtu aniulize."

"Mtu kakamatwa, wewe unasubiri kuulizwa?"

Afande alilisema kwa hasira na papo hapo akajutia, kwa sababu aliyeshika pingu siku ile hakuwa Mabomba.

"Nilijiambia watamwachia," binti alisema. "Kulala hakuna shahidi, wakili atamtoa. Atarudi nyumbani akijua yeye hakulala, na kwamba mashine ndiyo ilimdanganya, basi. Hatajua zaidi. Ningesema ukweli, wewe ungeandika nani aliniomba, korti ingesoma kwa sauti, na yeye angesikia kwamba dada yake..." Akashindwa. Akaanza upya. "Niliona afadhali watu wamwite mvivu kuliko yeye mwenyewe alijue hilo."

"Hukuwa na haki ya kumchagulia."

"Najua."

"Hata mimi sikuwa na haki ya lile nililomfanyia." Afande aliinuka, akakung'uta vumbi kwenye suruali. Alikuwa amelisema hilo kwa ukuta zaidi kuliko kwa binti. "Utaandika maelezo yako. Lakini leo jioni namfutia shitaka, na siwezi kumfutia bila kumwambia sababu. Asisikie kwa mwendesha mashitaka. Nitakwenda mwenyewe."

"Nitakwenda na wewe. Niseme mimi."

Walimkuta Mzee wa Zamu kibarazani kwake, amevaa fulana na kikoi, anatengeneza pasi ya umeme iliyofunguliwa vipande vipande juu ya gazeti. Mkewe alitoka, akamwona Afande, akarudi ndani bila salamu. Afande hakumlaumu.

"Shikamoo, Baba," Mabomba alisema.

"Marahaba. Umekonda wewe. Hawakulishi?" Kisha akamwona aliye nyuma yake. "Afande. Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee. Hukulala. Nimeona kwa macho yangu ulichokiona wewe. Saa ilisogea na namba ikakaa."

Mzee aliiweka bisibisi chini taratibu. Alipumua mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. "Nilianza kujitilia shaka mwenyewe," alisema. "Unajua? Nilikuwa najiuliza labda kweli nilisinzia nikaiota ile skrini. Kwa hiyo ilikuwa nini? Kipimo?"

"Kipimo kilikuwa kizima," Afande alisema, akamtazama Mabomba.

Binti alipiga magoti kwenye saruji ya baraza. Alikuwa amejiandaa garini njia nzima, midomo ikicheza. "Baba, namba zilifika mpaka mlangoni. Safu ilikuwa ndogo, ikazikataa. Na plagini ilipokataliwa haikusimama, kwa sababu mimi nilikuwa nime... kuna kitu nilichagua, kwamba mstari wenye shida—"

"Kisiniulie na wazima," Mzee alisema.

Mabomba aliinamisha kichwa.

"Nilikuomba mimi." Alikuwa anatazama mbele, mahali pasipo na mtu. "Kile kipimo cha nyasi. Nilikuomba kisiwe kinanizimia mito mingine. Ukaniambia ni ya muda."

"Ni mimi sikurudi kuimalizia, Baba. Kosa ni langu, wewe hukujua—"

"Inuka, saruji itakuumiza magoti." Akamshika mkono akamwinua yeye mwenyewe. "Dada alinipigia simu, akaniuliza. Nikamwangalizia kabisa. Sikumjibu hivi hivi. Nikamwambia subiri, nikatazama, nikatazama tena, ndipo nikamwambia kaeni."

Ndani, mkewe alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Shemeji, mume wake, anajua?" Mzee aliuliza.

"Bado," Afande alisema. "Atasoma kwenye uamuzi. Au naweza kumwita ofisini nimweleze."

"Hapana. Hilo halitoki kinywani kwa askari. Una gari?"

Alivaa shati, akalifunga vifungo vibaya, mkewe akaja kuvifungua na kuvifunga upya bila kusema kitu, akamsindikiza mpaka getini.

Shemeji alikuwa bado anaishi bondeni. Jioni ya mafuriko alikuwa kazini upande wa pili wa mji, na aliporudi hakukuwa na mtaa wa kurudia. Sasa nyumba ilikuwa imekauka, ila mstari wa matope ulibaki ukutani juu ya dirisha, umenyooka kama uliochorwa na fundi rangi. Tangu siku ile hakuwa amemsemesha kaka wa mkewe. Mzee alipoachiwa kwa dhamana alikuja kubisha hodi, na mlango haukufunguliwa.

Afande aliegesha mbali kidogo. Alisema atasubiri garini, lakini Mzee alipotembea hatua chache na kuyumba, yeye na Mabomba walishuka, wakamfuata kwa nyuma.

Safari hii mlango ulifunguliwa. Labda ni kwa sababu ya sare ya Afande. Shemeji alisimama kizingitini, mtu mrefu, ndevu zimeota ovyo, akawatazama wote watatu.

"Shemeji, sikulala," Mzee alisema. "Polisi wamethibitisha. Nilikuwa macho, natazama. Skrini ilinionyesha mto umesimama, nikamwambia mke wako nilichokiona. Lakini skrini ilisimama kwa sababu niliomba mimi mitambo isiwe inapiga kelele kikifika kipimo kibovu. Niliomba kwa nia njema. Wakanikubalia. Nimekuja uyasikie kwangu."

Akaeleza yote, pole pole, bila kujipunguzia. Mabomba alipotaka kuingilia ili ajitwike mzigo, Afande alimgusa bega. Shemeji alisikiliza huku ameshika fremu ya mlango. Mwishoni alikuwa anamtazama Mzee kama mtu anayemtafuta ndani ya uso ule mtu mwingine aliyekuwa amemzoea.

"Afadhali ungelala," alisema.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Siku zote hizi nimekuwa nikiamka na kukuchukia wewe. Ndicho kilichokuwa kinanitoa kitandani. Aliyelala ningemchukia mpaka nife." Akaitazama ile njia ya mtaa, nyumba zenye mstari uleule, zote kimo kimoja. "Sasa huyu uliyeniletea, aliyekuwa macho, nimfanye nini?"

Shemeji aligeuka, akaingia ndani. Wakasikia kiti kikiburutwa. Mlango aliuacha wazi, na hakuna aliyejua kama ulikuwa umeachwa kwa ajili ya mtu kuingia, au ni kwa sababu tu mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuufunga.

Mzee wa Zamu alibaki nje, shati limefungwa vizuri, mikono imening'inia. Afande alimsogelea hadi wakawa bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hakupata swali la kuuliza.